Ngome ya Fisi Kisimani

Mwaka ule jua lilikaa bondeni kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ikakauka, kikabaki kisima kimoja tu, na mtoto wa Mama Swala akawa analamba mawe.

Ndipo Simba wa ng'ambo ya milima akamleta Fisi na kikosi chake, kofia nyekundu vichwani, tarumbeta mbele.

"Bwana Mkubwa Simba amesikia kwamba Chui anakuja kuwanyang'anya maji," Fisi akatangaza. "Tumekuja kuwalinda!"

Chui hakuna aliyemwona. Lakini sisi wa bondeni tukipigiwa tarumbeta, akili huteremkia miguuni. Tukacheza. Msicheke, nanyi mngecheza. Tulipochoka kucheza tukaambiwa tuzungushie kisima ngome. Tukakanda udongo, Nguruwe akatuimbisha.

Sungura, mikono imejaa tope, akauliza: "Afande, Chui atatokea milimani, sivyo?"

"Milimani, ndiyo."

"Mbona matundu ya bunduki yote yanatazama nyumbani kwetu?"

"Kanda udongo, masikio wewe!"

"Mjuaji huyo!" Nguruwe akadakia. "Uaskari umesomea wapi?" Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Ngome ikaisha, lango likafungwa. Aliyetaka maji alete kwanza chakula cha askari. Mama Swala akaja mikono mitupu, mtoto mgongoni, ulimi nje. Fisi akachungulia tunduni.

"Chakula huna? Na huyo mgongoni ni nini, mama?"

Mama Swala akarudi mbio. Sungura akamwambia, "Dada, ningoje karibu na lango. Usiondoke."

Akazunguka upande wa milimani, kwenye ukuta usio na tundu hata moja, akatia kichwa ndani ya mtungi mtupu, akanguruma: "Mimi Chui! Naanza na mnene!"

"Matundu ya huku yako wapi?" Fisi akapiga kelele.

"Hayapo, Afande! Uliamuru yote yatazame kwao!"

Mnene kuliko wote alikuwa Fisi mwenyewe, tuliyemnenepesha sisi. Akavunja lango kwa kichwa, akamwangukia Mama Swala miguuni. "Dada yangu, nifiche! Mwambie Chui mimi mpishi tu!"

Mama Swala akamruka, akamfikisha mtoto majini. Fisi alipomwona Sungura anakuja na mtungi wake kwapani, akatambua Chui alikuwa nani, na aibu ikamshika. Alikimbia mpaka kwa Simba, kikosi kikimfuata, kofia zikibaki njiani.

Simba naye, kwa kiburi chake, angekirije kwamba jeshi lake limekimbizwa na mtungi? Akatuma mjumbe: "Askari wangu nimewaondoa mwenyewe. Nimeona sasa mmekomaa."

Nasi, udongo wa ngome ile ungali kwenye kucha zetu, tukapiga makofi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe tuliishona sisi.