Punda Aliyepitishwa na Baraza

Hapo zamani, katika mji ambao mitaa yake ilichagua wajumbe wa baraza, alitawala Sultani Makame, mpenda mambo mapya. Wajumbe wa kulia walipokea kila jipya lake. Wa kushoto, wazee wa desturi, walikuwa na haki ya kulizuia shauri lolote. Basi walipomzuia asifukie kisima cha kale, akawafungia wote katika zizi la mbuzi. Ikawa waliobaki huitikia "Naam" kabla hajamaliza kusema, kama kuku waliomwagiwa mtama.

Miongoni mwa wafungwa alikuwamo Babu Mgeni. Mjukuu wake Kidawa, mchota maji asiye na hata kanga ya pili, alimpelekea uji kila asubuhi, na askari wa zamu, mtu mwema, humpashia moto. Lakini kikohozi cha babu kilizidi, na Kidawa akaona hatamaliza mwezi mle zizini. Akaenda barazani kumwombea.

Sultani akamcheka. "Nionyeshe mkataaji mmoja mwenye faida kwangu, nami nitawafungua wote. Ukishindwa, utalala nao."

"Nimekubali, Bwana wangu. Ila niruhusu nitoe shauri moja jipya."

Akaruhusiwa. Akawageukia wajumbe. "Mabwana zangu, kiti hiki amekikalia mtu yule yule miaka mingi, jambo la kale mno. Tangu leo akikalie punda niliyemwazima kubebea maji."

"Naam," wakaitikia, na karani akaandika. Wawili wakamshika Sultani mikono kwa adabu ili wamshushe, na wa tatu alikwishaanza kuyasifu masikio ya punda, kwamba yatawasikia raia vyema.

Sultani akasema hataki. Karani akamjibu kwa unyenyekevu kwamba, kwa sheria, shauri lililopita huzuiwa na wazee wa kushoto tu.

"Basi waleteni!"

Babu Mgeni akaingia mbele ya wenzake, na majani makavu ndevuni, Kidawa amemshika mkono. Akasikiliza, akakohoa, akasema, "Hapana. Kiti hiki ni cha ukoo, na punda si wa ukoo."

"Mkataaji mwenye faida ndiye huyu, Bwana wangu," akasema Kidawa.

Sultani, jasho likimtiririka, akawafungua wazee wote. Kisha kwa furaha akatangaza kwamba nyumba za wajumbe wa kulia apewe Kidawa, nao wahamie zizini.

"Naam," wakaitikia wajumbe.

"Hapana," akasema Babu Mgeni. "Hatunyang'anyi watu nyumba. Hata hawa."

Sultani akacheka hadi akashika mbavu, akavua joho lake na kumfunika mzee. Wajumbe wa kulia walipoona joho linavuliwa, kila mmoja akavua lake haraka, bila kujua kwa nini.