Mjusi Asiyekula kwa Bi Kanga

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa ukuta.

Na ukuta una nini?

— Una masikio.

Basi na nyinyi tegeni yenu. Ila mikono iwekeni mapajani niione, maana kuna mtu hapa amekwisha kula njugu zangu.

Hapo kale, kale ile ambayo Fisi bado alikuwa akialikwa harusini, aliondokea Kanga mmoja mwenye madoa mazuri na kichwa kisicho na unyoya hata mmoja. Wenzake wakimwita Bi Kanga. Alikuwa mchapakazi na mkarimu, lakini alikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, alikuwa msahaulifu. Ya pili, hakujua kuhesabu kupita tatu. Moja, mbili, tatu, kisha "mengi." Mayai manne, mengi. Mayai ishirini, mengi vilevile.

Sasa Kanga, kama mnavyojua, hatagi nyumbani. Hutaga kichakani, na mahali hapo hamwambii mtu. Tena kwao kuna mwiko: Kanga haendi kiotani kwa njia moja. Huzunguka kichaka mara tatu, hujifanya anadonoa mchwa, hutazama huku na huku, ndipo huingia. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo, na Bi Kanga naye alifanya hivyo, ingawa siku nyingine katika kule kuzunguka alisahau alikokuwa akienda, akarudi nyumbani kulala.

Mwaka huo alikuwa ametaga. Mwaka uliotangulia mayai yake yote yaliibwa, hakulea hata kifaranga mmoja, na alilia mpaka macho yakavimba. Safari hii aliapa kwamba ataangua yote. Hilo ndilo jambo pekee alilolitaka duniani.

Siku moja alikuwa jikoni akitafuta mwiko wake wa ugali, akapindua vyungu, akapindua vikapu, asiuone. Mara sauti ikatoka ukutani.

"Mwiko umeuchomeka kwenye paa, Bi Kanga."

Akatazama paani, kweli, mwiko huo. Akatazama ukutani, akamwona Mjusi mdogo amenata, kichwa chini, mkia juu. Mjusi akamwamkia kwa adabu, akasema amekuwa akizisikia taabu zake na moyo umemuuma. Akasema yeye yuko tayari kumsaidia. Atamkumbusha alikoweka vitu, atamwambia mvua ikikaribia, na atamwamsha alfajiri. Kazi ya Bi Kanga ni kumwita tu, na hata akinong'ona atamsikia.

Bi Kanga akauliza atamlipa nini. Mjusi akasema hataki malipo. Bi Kanga akasema basi atamwekea chakula, maana kwao anayefanya kazi kwako hula kwako. Mjusi akasema hata chakula hataki.

"Mimi nikikuona umefurahi, nimeshiba," akasema.

Alikuwa na masharti madogo tu. Akatoa jani la mgomba lililokunjwa, akalikunjua, likatoka mlangoni, likapita uani, likafika kisimani. Akaanza kulisoma. Alisoma tangu umande haujakauka mpaka jua likawa la utosi. Bi Kanga alisinzia kwenye sharti la pili. Alipoguswa bega akashtuka, akasema, "Nakubali, nakubali."

Mnacheka nini? Nyinyi mngesikiliza mpaka mwisho? Haya.

Maisha yakawa matamu. Bi Kanga akiita, Mjusi anaitika. Asipoita, Mjusi anaitika vilevile. Na kila jioni alimbembeleza kwa wimbo mmoja:

*Ts, ts, ts,*
*Pumzika, Bi Kanga, pumzika,*
*Wewe funga macho,*
*Mimi yangu yako wazi.*

Jioni moja Bi Kanga alilalamika kwamba miguu inamkauka na kuwasha. Asubuhi, kabla hajanawa uso, Nguchiro akabisha hodi na chupa ya mafuta ya miguu. Bi Kanga akashangaa, akamshukuru Mungu, akanunua kwa kapu la mtama. Jirani yake alikuwa ameyanunua mafuta hayo hayo kwa nusu kapu, lakini jirani hakuwa akiwashwa.

Jioni ya pili alinung'unika kwamba mto wake mgumu, shingo inamuuma. Asubuhi Kunguru akabisha hodi na mto wa sufi begani. Bi Kanga akasema leo kweli ana bahati, akanunua kwa makapu mawili.

Siku hiyo Shangazi Kwale alikuja kumtembelea. Shangazi Kwale ni mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. Akala ugali, akanywa maji, akamwona Mjusi ukutani hali, hanywi, anasikiliza tu. Akauliza huyu ni nani. Bi Kanga akamweleza kwa furaha, akamaliza kwa kusema kwamba Mjusi anasikia kila kitu, na haidhuru, kwa kuwa yeye hana la kuficha.

"Kama huna la kuficha," akasema Shangazi Kwale, "mbona kichaka unakizunguka mara tatu?"

Bi Kanga akacheka, akamjazia shangazi yake kikombe. Lakini Mjusi alilisikia neno hilo, na jioni ikafika. Akamuuliza Bi Kanga mayai ni mangapi. Bi Kanga akasema, moja, mbili, tatu, mengi. Mjusi akasikitika sana. Akasema mwenye mayai asiyejua idadi atajuaje yakiibwa? Ampeleke tu, atamhesabia kila siku. Na hiyo habari ya kuzunguka ni kuichosha miguu ambayo tayari inawasha. Aende moja kwa moja, yeye atamwangalizia njia.

Bi Kanga akafikiri. Akaukumbuka mwaka uliopita, akaukumbuka uchungu wake, akaona kumbe ni kweli. Akampeleka moja kwa moja.

"Kumi na moja," akasema Mjusi.

Bi Kanga hakujua kumi na moja ni kitu gani, lakini lilimpendeza masikioni. Njia nzima akaliimba. Usiku akamweleza Mjusi furaha yake yote, na kwamba Alhamisi atakwenda kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, atashinda huko kutwa. Mjusi akamwimbia, *ts, ts, ts, pumzika, Bi Kanga, pumzika.*

Asubuhi hodi. Mlangoni alikuwa Kenge. Bi Kanga akatazama amemletea nini, maana alikwishazoea. Kenge hakuleta kitu. Alikuja na kikapu kitupu.

Kenge akamsalimu vizuri, akamuuliza kama harusi ya Alhamisi bado ipo. Bi Kanga akasema ipo. Kenge akakitazama kile kikapu chake kama fundi anayepima mbao, akasema, "Hongera kwa kumi na moja, dada." Akaenda zake.

Bi Kanga akabaki amesimama. Kumi na moja. Neno hilo alikuwa amelisikia kwa kinywa kimoja tu tangu azaliwe. Akaogopa kama hajawahi kuogopa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Bi Kanga kilikuwa ukutani.

Alitoka kama anayekwenda kuchota maji, akakimbia mpaka kwa Shangazi Kwale, akamweleza yote, akalia. Shangazi Kwale hakumcheka. Alimpangusa machozi, akasema, "Mwanangu, anayefanya kazi kwako na kwako hali, twende tukaone anakula wapi."

Wakajificha nyuma ya mkwaju. Jua lilipofika utosini, Mjusi akateremka ukutani, akapiga mbio mpaka kwa Kenge, nao wakamnyemelea nyuma. Huko kulikuwa na karamu. Nguchiro yupo, Kunguru yupo, mwenyeji yupo, na katikati sinia la nzi wa kukaanga. Mjusi alikuwa akitafuna mashavu yamemvimba, akiwakumbusha wenzake bei. Habari za miguu, bakuli la nzi. Habari za shingo, bakuli. Habari za mayai na za harusi, sinia zima na la kubeba nyumbani.

Bi Kanga alitaka kumrukia pale pale. Shangazi Kwale akamvuta bawa, akamwambia hasira haihamishi mayai. Basi wakayahamisha, wakati Mjusi angali anakula. Moja, mbili, tatu, mengi. Wakayapeleka kichaka kingine, na Bi Kanga akakizunguka mara tatu, ingawa miguu ilimwasha.

Jioni akarudi kwake, akaketi chini ya ukuta, akaanza kusema peke yake. Alisema anatamani tope. Tope jeusi la kupaka mwilini, apate hata mtungi mzima atanunua. Asubuhi Nguchiro akafika amebeba mtungi wa tope, mgongo umepinda, pumzi hana. Bi Kanga akamwambia ahsante, leo hataki.

Jioni ya pili akasema nywele zinamsumbua, zimekuwa ndefu, hana hata kichana. Asubuhi Kunguru akafika na gunia la vichana, vya mti, vya pembe, vingine vya meno mapana. Bi Kanga akainamisha kichwa, kikang'aa juani. Akamwomba amchagulie yeye mwenyewe kimoja kinachofaa.

Jioni ya tatu, Jumatano, akanong'ona. Mjusi akashuka karibu zaidi. Bi Kanga akanong'ona kwamba ameyahamisha mayai, yamo ndani kabisa ya shimo la kichuguu nyuma ya mkwaju, na kwamba mwenye ulimi mrefu tu ndiye angeweza kuyafikia. Mjusi hakwenda kuangalia. Habari imetoka kwa mwenyewe, ya nini kuikagua? Akaimba wimbo wake nusu, akawahi kwa Kenge.

Alhamisi Bi Kanga akavaa shanga, akaenda harusini, akacheza. Kenge akaenda kichuguuni na kikapu chake. Akainama, akaingiza ulimi wote. Mle ndani mlikuwa na nyuki, na nyuki hawakuwa na harusi ya kwenda. Ulimi ukavimba, ukavimba, ukapasuka katikati. Ndiyo maana mpaka leo ulimi wa Kenge una ncha mbili.

Bi Kanga aliporudi jioni alikuta ugomvi nyumbani kwake. Nguchiro amejaa tope, Kunguru ana gunia lake, Kenge anatema maneno yasiyosikika, wote wanamkimbiza Mjusi kuzunguka jiko. Mjusi akamwona Bi Kanga, akamlilia amtetee. Akasema yeye hakufanya kosa, kila kitu kilikuwemo kwenye jani la masharti, sharti la arobaini, na Bi Kanga alikubali kwa kinywa chake.

"Jani lipi?" akauliza Bi Kanga. "Nililitandika chunguni, tukapikia ndizi na shangazi."

Kenge akamrukia Mjusi, akamshika mkia. Mjusi akavuta huku, Kenge akavuta huku, mkia ukakatika. Mjusi akapanda mpaka juu kabisa ya ukuta. Ndiyo maana mpaka leo Mjusi akishikwa huacha mkia na kukimbia, na ndiyo maana hashuki chini mkiwapo. Hukaa huko huko juu akisema *ts, ts, ts*, akiwasikitikia nzi wake.

Na mayai? Yalianguliwa yote. Bi Kanga alipita kijijini na vifaranga nyuma yake, shingo ameinyoosha. Nguchiro akamuuliza wako wangapi. Akageuka, akahesabu, mmoja, wawili, watatu, wengi. Kunguru akamuuliza mwaka huu alitagia wapi. Bi Kanga akakuna kile kichwa chake kipara.

"Nimesahau," akasema.

Basi, wanangu, akufanyiaye kila kitu bure, muulize anakula wapi. Asiyekula kwako anakula kwa mwingine, na huenda sahani yake ni wewe.

Hapa ndipo nilipoufikisha ukuta wangu, nimeupaka chokaa, nimeacha mlango. Hadithi ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi. Lakini siri zenu kaeni nazo, na aliyekula njugu zangu namjua.