Kama Wapikavyo Wenyewe

Hapo zamani, katika siku ambazo masultani walikuwa wengi kuliko kazi za kuwapa, palikuwa na mji uitwao Matundani, na mtawala wake akiitwa Sultani Hafidhi. Huyu Sultani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshiba tu, na mtu akishiba muda mrefu hutafuta cha kumsumbua. Pilau ilikuwa imemchosha, biriani imemchosha, hata mchuzi wa ngisi aliokuwa akiulilia utotoni sasa aliusukuma pembeni kwa kidole.

Basi ikawa siku moja wakafika wafanyabiashara wa nchi ya mbali, wakamletea zawadi ya makasha yaliyojaa tambi za pakiti. Zilikuwa tambi kavu zilizojikunja kama nywele za mtoto mchanga, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na kijipakiti kingine chenye unga wa viungo. Ukizitia katika maji ya moto huiva kabla hujamaliza kumsalimu jirani. Wafanyabiashara wakashusha makasha, wakapokea shukrani, wakaenda zao bila ya kumwambia mtu zinavyopikwa. Maandishi ya kwenye pakiti yalikuwa ya lugha asiyoijua mtu pale mjini. Sultani akazionja, akazipenda mno, akatia makasha mengine ghalani mwake na mengine akawagawia watu wa mji, naye mwenyewe akaamuru asiletewe tena chakula kingine.

Sasa, chakula akipendacho masikini ni chakula, lakini akipendacho Sultani hugeuka elimu. Haukupita muda wakajitokeza watu wawili, Bwana Ghalibu na Bwana Shamte, wakadai kuwa wao ni wajuzi wa tambi. Sultani akawavisha majoho, akawapa matakia ya kukalia, na kila Ijumaa baada ya sala wakawa wanaletewa bakuli mbele ya watu, wanaonja, wanatoa sifa zake.

Bwana Ghalibu alikuwa akifumba macho, akitia tambi moja tu kinywani, kisha akisema, "Hizi zimeanza kwa unyenyekevu. Zilipofika katikati ya ulimi zikajisahau. Na mwisho wake ni mwisho wa mtu aliyeondoka bila ya kuaga."

Na watu wote barazani wakitikisa vichwa, "Naam, naam," ilhali hakuna aliyeelewa hata neno moja. Mimi ningekuwapo ningeuliza kama zina chumvi ama hazina, lakini labda ndiyo sababu sikupewa joho.

Ubaya wa wajuzi hawa ni kwamba hawakupatana katika jambo lolote. Ghalibu alisema tambi hazivunjwi, zitiwe sufuriani nzima nzima kwa heshima. Shamte akasema zivunjwe, maana isiyovunjwa haiwezi kupokea viungo. Ghalibu akasema viungo hutangulia maji, Shamte akasema hufuata. Mmoja akanywa mchuzi wake, mwingine akaumwaga na kusema kuwa mchuzi ni wa wagonjwa. Ugomvi ukatoka barazani ukaingia majumbani, ndugu wakanuniana, na palikuwa na harusi moja iliyovunjika kwa sababu bwana harusi alionekana akimwaga mchuzi.

Ghalibu akaona hoja zinamwishia, akasema, "Mimi nawajua wenyewe. Nimekaa nao. Wenyewe hawavunji!" Nasi twasema aisifuye mvua imemnyea, ila huyu bwana alichonyewa ni kulala usiku mmoja katika merikebu iliyokuwa imefungwa bandarini, na asubuhi akateremshwa.

Lakini neno hilo "wenyewe" likamkaa Sultani moyoni. La mgambo likilia kuna jambo, na kesho yake likalia, mpiga mbiu akapita mitaani akinadi: "Enyi watu wa Matundani! Kuanzia leo tambi zipikwe kama wapikavyo wenyewe! Asiongeze mtu, asipunguze mtu! Atakayekiuka asimlaumu mtu!"

Ikawa katika jumba la Sultani palikuwa na mpishi, mwanamke mwenye mkono mzuri, jina lake Bi Kazija. Siku moja Sultani akashikwa na mafua, pua imeziba, hasikii ladha ya kitu. Bi Kazija akamhurumia. Akazichemsha tambi, akazitilia tui la nazi, pilipili mbichi na ndimu, akampelekea. Sultani akala, akatoka jasho, pua ikafunguka, akakwangua bakuli mpaka likalia, kisha akaomba jingine.

Asubuhi yake wale wajuzi wakaona machicha ya nazi yametupwa uani. Pakawa hapatoshi. "Nazi!" akalia Ghalibu, ameshika kichwa. "Nazi ndani ya tambi! Wenyewe wakisikia watatuambia nini?" Na kwa mara ya kwanza Shamte akaafikiana naye.

Sultani akaona haya. Alikuwa amezipenda tambi zile kuliko zote alizopata kula, na mtu mkubwa akiona haya, hulipa mdogo. Basi akaamuru Bi Kazija atiwe gerezani, akasema mbele ya baraza, "Nampa mpaka Ijumaa. Akitokea mtu akaleta bakuli la tambi zilizopikwa kama wapikavyo wenyewe, na wajuzi wakakosa la kulisema, mwanamke huyu amesamehewa. La, asipotokea, atafukuzwa mji asirudi tena. Nimesema, na neno langu halirudi nyuma."

Watu wakainamisha vichwa, maana kila mtu alijua kuwa wajuzi wale hawajapata kukosa la kusema tangu wazaliwe.

Bi Kazija alikuwa na mdogo wake akiitwa Vuai, mtu asiye na mbele wala nyuma. Watu wa mji walimwita mjinga kwa kuwa alikuwa na tabia ya kulichukua neno kama lilivyo. Ukimwambia "karibu chakula," kwa adabu tu kama tusemavyo sote, alinawa mikono akakaa akala. Ukimwambia "nyumba hii ni yako," usiku alikuja kulala. Basi Vuai akaenda gerezani akasimama dirishani.

"Dada Kazija, wamekupiga?"

"Hawajanipiga, mdogo wangu. Lakini nikifukuzwa, mama yetu nani atamtazama? Haoni, hatembei. Wewe hata chai inakuungulia." Na Bi Kazija akalia, maana lilikuwa jambo la kulilia.

Vuai naye machozi yakamlengalenga. Akasema, "Futa uso, dada. Nitapeleka bakuli."

"Utapika wewe? Basi nimekwisha!"

"Sijasema nitapika. Nimesema nitapeleka."

Ijumaa asubuhi Vuai akaenda barazani mikono mitupu, akapiga goti. Wajuzi walikuwa bado hawajafika, kwani desturi yao ni kujifungia nyumbani mpaka waitwe, wakisema harufu ya watu huharibu ulimi.

"Masalkheri, Maulana," akasema Vuai.

"Ni asubuhi hii, ewe mjinga," akajibu Sultani. "Liko wapi bakuli?"

"Linakuja, Maulana. Lakini kwanza nina swali la kijinga."

"Kwako wewe hilo halishangazi. Uliza."

"Tambi zilizo ghalani ni za nani?"

"Zangu."

"Hazina mtu mwingine?"

"Mtu gani mwingine? Nilizawadiwa mimi, nikazitia ghalani kwangu, na ufunguo ninao mimi!"

"Kwa hiyo, Maulana, nikisimamishwa njiani nikaulizwa, 'Vuai, tambi zile mwenyewe ni nani?' nijibu nini?"

Sultani akapandwa na hasira, akapiga mkono wa kiti. "Jibu ni mimi! Mwenyewe ni mimi! Kuna nani tena?"

Vuai akainua mikono juu. "Alhamdulillahi! Mji mzima umetaabika kumtafuta mwenyewe, kumbe tunaye hapa amekaa! Amri yako yasema tambi zipikwe kama wapikavyo wenyewe, na mwenyewe ni wewe. Sisi wengine tukipika tunabahatisha tu. Inuka, Maulana, jiko li tayari, nasi tutazame upikavyo tujue."

Waziri akaruka juu, akasema, "Mpumbavu huyu anachezea maneno! Wenyewe ni watu wa huko zilikotoka!"

Vuai akamgeukia kwa adabu kubwa. "Mheshimiwa Waziri, mimi nimeisikia mbiu, na mbiu haikutaja huko. Ikiwa amri ya Sultani ina upungufu, useme wewe. Mimi siwezi."

Waziri akakohoa, akarudi kitako.

Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona hana pa kutokea. Neno alikuwa amelisema hadharani, tena akasema halirudi nyuma, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akainuka, akakunja mikono ya joho, akaingia jikoni, naye Vuai nyuma yake.

Huko jikoni, ndugu zangu, kulikuwa na mambo. Sultani hakupata kuwasha moto tangu azaliwe. Akapuliza, majivu yakamrudia usoni. Akapuliza tena, moshi ukamwingia machoni, akalia kama aliyefiwa. Sufuria aliyoichagua ilikuwa ndogo, tambi hazikuingia, akazivunja kwa goti bila ya kukumbuka kuwa jambo hilo limewagombanisha watu mji mzima. Kijipakiti cha viungo kikamshinda kufungua, akakikata kwa meno, nusu ya unga ikaingia majini na nusu ikaingia ndevuni. Zilipoiva akaonja, akakunja uso. Akaonja tena. Kisha akatazama mlangoni, akainama sikioni mwa Vuai, akanong'ona, "Je, nazi zinawekwa wapi?"

"Mimi sijui, Maulana. Mwenyewe ni wewe."

Sultani akatafuta nazi mwenyewe, akaipata, akaivunja, akamkalia mbuzi na joho lake la hariri, akaikuna. Akachuja tui, akalimimina, akatia pilipili, akakamua na ndimu. Halafu akajificha nyuma ya mlango na kuamuru bakuli lipelekwe barazani na wajuzi waitwe.

Wajuzi wakaja na majoho yao, wakaketi juu ya matakia. Ghalibu akafumba macho, akatia tambi kinywani, akayafumbua macho mara moja. "Nazi!" akasema. "Tena! Mchuzi umezidi, tambi zimevunjwa, viungo vimepungua. Aliyepika hili bakuli hajamwona mwenyewe hata ndotoni!"

Shamte akaonja, akatema. "Huyu si mpishi, ni adui wa chakula. Nashauri apandishwe punda, uso uelekee mkiani, azungushwe mji mzima watoto wamzomee."

"Nami naafiki," akasema Ghalibu.

Hapo mlango ukafunguka, akatoka Sultani, uso mweusi kwa majivu, ndevu za manjano kwa viungo, machicha yamemganda kifuani. Akauliza kwa sauti ya upole, "Punda mmekwisha kumpata, au tumngoje?"

Loo! Rangi iliwatoka wale mabwana. Ghalibu akasema haraka haraka, "Maulana, sikuwa nimemaliza! Nilikuwa nataka kusema kuwa nazi hii... nazi hii ndiyo asili yenyewe iliyokuwa imepotea! Nilistuka kwa furaha!"

"Na mimi nilitema ili nipate nafasi ya kuonja tena," akasema Shamte.

"Na kuvunja kwake, Maulana! Hivi ndivyo wanavyovunja wenyewe!" akadakia Ghalibu.

"Ulisema wenyewe hawavunji," akasema Sultani.

"Hawavunji, Maulana, ila wanapovunja."

Vuai akapiga goti. "Maulana, bakuli limepikwa na mwenyewe, na wajuzi hawana tena la kulisema. Dada yangu yu gerezani bado."

Sultani akawageukia wale wajuzi. Akasema, "Kama ni tamu hivyo, sufuria yote iletwe, mle mpaka muimalize, na asiseme mtu neno." Wakaletewa, wakala kimya, jasho likiwatiririka kwa pilipili. Kisha akatuma mtu amfungue Bi Kazija.

Bi Kazija akaingia barazani macho yamevimba, hajui kama anaitwa kwa heri au kwa shari. Akawaona wajuzi na sufuria. Mazoea ni mazoea: akachukua kijiko, akaonja.

"Nani kapika?" akauliza.

"Mwenyewe," akajibu Vuai.

Bi Kazija akamtazama Sultani, akaona yale majivu, akafahamu. Akasema, "Maji yamezidi, Maulana. Chumvi haijakolea, na tui umelitia mapema, ndiyo maana limekatika. Lakini nazi umeikuna vizuri."

Sultani Hafidhi akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikaanguka, akashika ukuta asije akaanguka na yeye. "Siku zote hizi nalisha wajuzi," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa tambi zangu zina nini!" Akamrudishia Bi Kazija jiko lake na heshima yake, akampa Vuai makasha ya tambi yaliyobaki pamoja na mtumishi wa kumtazama mama yao. Na jioni ile mbiu ikalia tena, kwamba kila mtu apike zake apendavyo, maana sasa mwenyewe ni yeye.

Hekaya yangu ndiyo hiyo. Aliyeiona haina chumvi, na atie yake.