Mbeleko kwenye Tanga

Hapo zamani, bahari ya Wagiriki ilipokuwa ikifungwa majira ya baridi kama duka la mtu mvivu, palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Lithari. Mbuzi wake walikuwa wengi, watu wake wachache. Na watu hao walikuwa na desturi yao: mtoto aliyezaliwa bahari imefungwa hapewi jina mpaka aje mgeni wa kwanza kwa tanga. Mgeni huyo ndiye humpa jina, na tangu hapo ni mzazi wake wa pili. Ana kitanda kisiwani, ana kiti mezani, ana jibini lake kila mwaka.

Mwaka huo Zambeta, mke wa mchunga mbuzi, alikuwa mjamzito, na huko bara kila mtu alijua.

Bahari ilipofunguka, watu watatu wakapanda mashua moja. Wa kwanza Leonida, mwenye mashua, kichwa kigumu kama gati. Wa pili jirani yake Argiro, mshona matanga, aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Wa tatu mzee Fotis, mwenye wajukuu tele, ambaye alisema wazi kwamba yeye anafuata jibini.

Upepo ukavuma. Argiro akamsihi Leonida apunguze tanga. Leonida akakataa, maana nyuma yao alikwisha kuona mashua nyingine ikielekea huko huko. Wakaiacha mbali. Lakini tanga likapasuka.

Argiro akafungua kifurushi chake, akatoa mbeleko. Ndiyo aliyombebea Dafni wake, yule mwanawe aliyekufa. Wahenga husema mtoto akifa usitupe mbeleko, naye hakuitupa. Alikuja nayo akitumaini kumbeba mtoto wa Lithari. Akaitazama, akaikata, akalitia tanga kiraka. Alishona huku akilia, wala hakujificha. Tanga likashika upepo.

Mara ukashuka ukungu. Leonida akashika usukani kwa uhakika wote wa mtu asiyejua aendako. Mzee Fotis akainua pua.

"Geuza kushoto, mwanangu," akasema. "Nanusa beberu, na beberu hakai majini."

Leonida akabisha kwanza, kisha akageuza. Upande wa kulia wakasikia mawimbi yakipiga miamba, pale pale walipokuwa wakienda. Gati likaonekana.

Wakaruka wote watatu kwa pamoja. Hakuna aliyemtangulia mwenziwe. Zambeta alikuwa amesimama pale, binti yake kifuani, mkate wake tanurini. Akawakaribisha kwa furaha, akauliza nani kati yao ni mgeni wa kwanza.

Leonida akasema ni yeye. Mashua ni yake, usukani ulikuwa mkononi mwake, na kama angepunguza tanga, leo wangekuta mtoto ana jina. Angemwita Pelagia, kama mashua iliyowaleta.

Mzee Fotis akacheka. Akasema mashua bila pua yake ingekuwa kuni. Jibini alikuwa analitaka, ndiyo, lakini alipomwona mtoto moyo ulimgeuka. Mama yake aliitwa Polikseni, na wanawe wote walilikataa jina hilo kwa wajukuu, eti la kizee. Alitaka alisikie likiitwa tena kabla hajafa.

 Argiro akanyoosha kidole kwenye tanga.

"Kiraka kile ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha mwanangu," akasema. "Nilikikata ili tufike. Nataka nimwite Dafni."

Zambeta akamkumbatia mtoto zaidi. Alimwonea Argiro huruma, ila jina la mtoto aliyekufa lilimtia hofu, naye akalisema hilo waziwazi. Kisha akawapa maji, akawapa zeituni, akawaambia wasigombane kisiwani kwake. Mkate ukitoka tanurini, anataka jina moja.

Wakaketi ukutani juani, wamechoka, wameridhika kwamba wako hai. Wakapokezana mtoto mikononi. Kwa Leonida alicheka, ndevu za Fotis alizivuta, na kwa Argiro alilala.

Mkate ukatoka. Mimi nilipewa kipande na jibini juu yake, na mdomo uliojaa hauamui kesi. Nyinyi midomo yenu mitupu. Je, kati ya mkaidi aliyewatanguliza, mzee aliyewaokoa na mama aliyekata mbeleko yake, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?