Kanuni ya Kumi na Nne na Nafasi Moja

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ng'ombe jike mwekundu alianguka langoni mwa machinjio ya Chigwendo. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya kikao cha mapitio ya kanuni za afya.

Wawekeni akilini kwanza watu watatu, maana mwisho nitawauliza habari zao.

Wa kwanza ni Nyamizi Kasubi, mkaguzi wa nyama. Mji mzima unamwita Bibi Afya. Kipaji chake kilikuwa jicho. Ng'ombe akitembea hatua kumi mbele yake, aliweza kukwambia ini lake likoje, na akipasuliwa ungekuta ni hivyo hivyo.

Wa pili ni Idrisa Chilongola, mchinjaji. Kipaji chake kilikuwa mkono. Kisu chake kilipita mara moja tu. Wateja walikuwa wakiuliza buchani, "Huyu kamchinja Idrisa?" Wakiambiwa hapana, wengine waliondoka.

Wa tatu ni Sada Mkumbwa, karani wa halmashauri. Kipaji chake ni kalamu. Huandika hati mkato kwa kasi ya watu wanaogombana, na akikusomea ulichosema jana utatamani ungenyamaza.

Sasa sikieni habari za kanuni yenyewe. Katika nchi ile kanuni za afya hupitiwa kila baada ya miaka saba. Isiyotetewa kwa ushahidi wa maandishi, uliosainiwa kabla ya kikao, hufutwa. Kanuni ya kumi na nne ilikuwa na mistari miwili: mnyama aonwe na mkaguzi akiwa amesimama, aliyeanguka asichinjwe, achomwe na kufukiwa bila kupasuliwa.

Iliandikwa kwa sababu ya desturi moja. Mfugaji akiona ng'ombe wake anakata roho, hukimbilia kisu ili amuwahi. Akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi wala hakinunuliwi. Akiwahiwa, hata imebaki pumzi moja, ni nyama. Hivyo ugonjwa unaoua ghafla ndio unaochinjwa haraka kuliko yote. Kimeta huua ghafla. Damu yake ikimwagika huua na watu.

Lugendo Mhoja, mfanyabiashara wa nyama, alikuwa amepeleka barua kuomba kanuni hiyo ifutwe. Hoja yake ilikuwa fupi. Kwa miaka saba hakuna mtu wa Chigwendo aliyekufa kwa kimeta. Kanuni ya nini?

Ng'ombe aliyeanguka langoni alikuwa wake. Buchani kwake watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni.

"Idrisa, muwahi huyo," Lugendo alisema. "Unangoja kadi ya mwaliko?"

Idrisa alipiga magoti, akashika pembe. Nyamizi alikuwa ameinama upande wa pili, akitazama pua ya ng'ombe.

"Asiguswe," alisema. "Tazameni hiyo damu puani. Nyeusi, na haigandi. Ni kimeta."

"Bibi Afya, wewe kila anayepiga chafya ni kimeta."

"Huyu hakupiga chafya, Bwana Lugendo. Huyu anakufa."

Idrisa alimtazama Nyamizi. Wawili hao waliitana mtani, na kwa miaka minane walikuwa wakitukanana kila asubuhi kabla ya chai.

"Mtani, una uhakika?"

"Ukikata, mtani, kipande cha kwanza ule wewe."

Lugendo aliwaita watu wake wanne. Mmoja alimshika Nyamizi kwa nywele, akamburuta hadi kwenye ukuta wa kunawia. Mwingine alichomoa ndoano ya kuning'inizia nyama na kumpiga nayo usoni. Ndoano iliingia kwenye jicho la kushoto. Alipoanguka walimpiga mateke ya mbavu na kumwambia aseme ng'ombe ni mzima. Alisema ni kimeta. Walimpiga tena. Wachinjaji tisa walikuwapo. Waliohojiwa baadaye walikubali kwamba hakuna aliyesogea. Yeye hakubadilisha neno. Ndipo Idrisa alipoamini.

Idrisa alitupa kisu chake kwenye shimo la samadi, akalala kifudifudi juu ya shingo ya ng'ombe na kukizungushia kichwa mikono miwili. Lugendo alimwambia Sekwao, kijana wake aliyekuwa na panga, amwondoe. Sekwao alimpiga kwa ubapa mgongoni, mara sita au saba. Kisha aligeuza makali. Pigo la kwanza lilivunja kifundo cha mkono wa kulia. La pili liliukata mkono, likapasua na sikio la ng'ombe, na damu ya mtu na ya mnyama ikamrukia Sekwao mikononi. Idrisa hakuachia. Alilala pale dakika kumi na moja kwa saa ya ukutani.

Kisha aliinua kichwa.

"Amekufa," alisema. "Sasa ni kibudu. Muuze."

Watu wa Lugendo waliangaliana. Nyama ile isingenunuliwa tena na mtu yeyote Chigwendo, na habari ilikuwa imeshatoka nje ya lango. Waliondoka. Nyamizi alitambaa hadi kwa ng'ombe, akachukua tone la damu kwenye sikio, akalipaka kwenye kioo cha vipimo vya maabara na kuandika saa. Baada ya hapo alizimia. Polisi walifika saa moja na nusu.

Mngedhani yameishia hapo. Kanuni ilikuwa bado ni ya kufutwa. Mashahidi wawili walikuwa wodini, kikao kilikuwa Alhamisi, na maneno yasiyoandikwa yasingehesabiwa.

Sada hakutumwa na mtu. Jumanne alikwenda hospitali na daftari lake, akaketi kati ya vitanda viwili. Nyamizi alieleza, Sada akaandika. Idrisa alieleza, Sada akaandika. Ilipofika saini, Idrisa aliinua mkono uliofungwa bandeji, akautazama, akaushusha.

"Weka dole la kushoto," Sada alimwambia.

"La kushoto halijawahi kufanya kazi ya maana."

"Leo limepandishwa cheo."

Jumatano asubuhi Sekwao aliletwa hospitali na shangazi yake. Mkono wake ulikuwa umevimba hadi begani, na palipokuwa na mkwaruzo pakawa na kidonda cheusi. Sada alimfuata naye.

"Alitutuma Lugendo," Sekwao alisema. "Alituambia Alhamisi kanuni inakufa, kwa hiyo tufanye kazi kama imeshakufa."

Aliweka saini. Saa sita majibu ya maabara yalifika kutoka makao makuu ya mkoa. Kioo cha Nyamizi kilikuwa na kimeta.

Saa nane mchana Sada alikuta watu watatu nyumbani kwake. Walikuwa wameufunga mlango kwa waya kutoka nje. Ndani alikuwamo baba yake, mzee Mkumbwa, mwenye miaka themanini, ambaye miguu yake haikumbeba tena. Ukuta na paa la makuti vilikuwa vimemwagiwa petroli. Walimpekua Sada, wakapekua na mkoba wake. Daftari halikuwamo.

"Sema liko wapi, tunafungua mlango."

Daftari lilikuwa kwenye ndoo ya unga ya mama muuza maandazi, nyumba ya tatu kutoka pale. Kulileta kungechukua dakika mbili. Wawili walimshika mikono, mmoja akamtandika ngumi ya mdomo.

"Liko wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini ndiko tulikotoka."

Sauti ya mzee ilitoka ndani. "Sada, nenda zako."

Walimuuliza mara ya tatu. Hakujibu. Wakawasha. Walimshika hapo hapo hadi paa lilipoanguka, kisha wakamwachia. Majirani walipofika na ndoo, waya ulikuwa bado mlangoni, umekuwa mwekundu.

Alhamisi saa tatu kikao kilifunguliwa. Mwenyekiti, Bi. Rehani Mtimba wa wizara, aliisoma barua ya Lugendo. Lugendo alisimama kuitetea, shati limepigwa pasi.

"Waheshimiwa, miaka saba hakuna maiti. Tunacheleweshwa kila asubuhi kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo. Hayo ya Jumatatu ni ugomvi wa wafanyakazi tu."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna ushahidi wa maandishi wa kupinga. Sada, aliyekuwa ameketi pembeni kuandika kumbukumbu za kikao, aliweka kalamu mezani.

"Mwenyekiti, naomba leo aandike mwingine."

Alisoma kwa dakika arobaini. Gauni lake lilinuka moshi na mdomo ulikuwa umevimba, hivyo mara mbili aliombwa arudie. Alisoma ya Nyamizi, ya Idrisa na ya Sekwao. Ya Jumatano mchana hakuyasoma, kwa sababu hayakuwamo kwenye daftari. Wajumbe walipiga kura. Kanuni ya kumi na nne iliachwa ilivyo kwa miaka saba mingine. Lugendo alikamatwa mlangoni. Sekwao alikufa Jumamosi kwa kimeta. Ndiye maiti wa kwanza wa ugonjwa huo Chigwendo katika miaka saba, na alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Jumapili simu tatu zilipigwa kwa Nyamizi, Idrisa na Sada, kwa namba tatu tofauti, zikiwa na maneno yale yale: "Kikao kijacho ni chetu."

Bi. Rehani alifika wodini mchana huo na barua moja. Wizara ilikuwa na hifadhi ya mashahidi. Nyumba yenye askari, mkoa wa mbali, jina jipya, kazi mpya. Nafasi iliyobaki mwaka huo ilikuwa moja. Gari lingeondoka Jumatatu saa sita mchana. Barua ilikuwa imeshasainiwa, isipokuwa mstari wa jina.

"Semeni nyinyi wenyewe," aliwaambia. "Mimi nitaandika."

Nyamizi alianza. "Sitajifanya sitaki. Nisingesema kimeta, Idrisa angekata, na Sada asingekuwa na la kuandika. Yote yameanzia kwangu. Na sasa upande wa kushoto siuoni. Wakija kwa kushoto nitawajua wakishanifikia."

"Maneno yako peke yake yalikuwa kelele, mtani," Idrisa alisema. "Ulisema kimeta mara kumi na ng'ombe alikuwa hai, shingo iko wazi. Mji huu haukula sumu kwa sababu nililala pale. Na mimi ni mchinjaji bila mkono. Hapa sina kazi, na nyumbani hata komeo silifungi vizuri."

"Mara ngapi uliwawahi walioanguka, nikiwa likizo?"

Idrisa alitazama bandeji yake. "Mara mbili. Lugendo alisema ni jua tu. Tulikuwa na bahati."

"Tulikuwa," Nyamizi alisema.

Bi. Rehani alimgeukia Sada, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya vitanda, pale pale alipoketi Jumanne.

"Na wewe?"

"Jicho na mkono vingekuwa habari ya wiki moja," Sada alisema. "Alhamisi kanuni ingefutwa, na Ijumaa ng'ombe mwingine angewahiwa. Hilo nalijua. Lakini mimi nina macho mawili na mikono miwili."

"Umempoteza mzee," Idrisa alisema.

"Sikumpoteza. Niliulizwa mara tatu."

Muuguzi aliingia, akabadilisha dripu, akatoka.

"Mimi nawaogopa wale watu," Sada alisema tena. "Msidhani siwaogopi. Usiku silali. Ila sijui kama aliyelipa ni mimi au ni baba. Kama ni baba, jina lake haliwezi kupanda gari."

"Basi usiondoke," Nyamizi alisema, bila ukali.

"Sijasema siondoki."

Bi. Rehani aliirudisha barua kwenye bahasha. Alikuwa amewahi kufuta kanuni sitini na mbili katika kazi yake na hakuna iliyomchukua zaidi ya saa moja. Kwa barua hii alikesha.

Jumatatu saa tatu asubuhi mahakama ilimpa Lugendo dhamana. Watu watatu wa Jumatano hawajakamatwa. Saa nne gari la wizara liliegeshwa mbele ya hospitali, askari mmoja kiti cha mbele, viti vya nyuma vitupu. Saa nne na nusu, muuza mafuta wa kituo cha njia panda alimjazia Lugendo petroli kwenye dumu la lita ishirini, akamuuliza kama jenereta imeharibika tena. Lugendo alimjibu kuwa hana jenereta.

Hayo ndiyo yaliyothibitishwa hadi sasa. Barua iko mbele yenu, kalamu hii hapa, na mstari wa jina bado uko wazi. Aliyeona, aliyezuia au aliyeandika: wewe unayesikiliza, utaandika jina la nani, na utawaambia nini wawili watakaobaki?