Kikombe cha Pili cha Bi Nakijwa

Sogeeni karibu. Mwenye majibu ya haraka ayatie mfukoni kwanza, maana kisa hiki kimewashinda wengi kabla yenu.

Kule juu Usangi, kwenye milima ya Upare, aliishi mjane aitwaye Bi Nakijwa. Wanawe watatu walisomea kompyuta, wakashuka mlima. Mbonea, wa kwanza, alikuwa Arusha. Alijua kutengeneza vifaa vya kupima kitu na kutuma tarakimu yake mbali. Namsifu alikuwa Dodoma; kazi yake ilikuwa kuifunga tarakimu katika bahasha, si ya karatasi bali ya maneno: hii ni ya kitu gani, imetoka wapi, imetumwa saa ngapi. Kiangi, kitinda mimba, alikuwa Mwanza. Aliandika programu za kupokea bahasha, kuzifungua na kuchukua hatua.

Mapenzi yalikuwapo, nafasi ndiyo haikuwapo. Siku moja Mbonea alikuja akaweka kifaa chini ya birika la chai na kingine kwenye tangi la maji.

"Mama, ukimimina chai tutaletewa hesabu ya vikombe, tujue umeamka salama."

"Na mimi nitajuaje kama ninyi mmeamka?"

Mbonea akacheka. Bi Nakijwa hakucheka.

Mwanzoni tarakimu zilisafiri uchi, bila bahasha. Asubuhi moja ikafika sifuri. Kiangi akadhani birika halijaguswa, akapiga simu kijijini huku analia, na kengele ya kanisa ikagongwa. Wanawake wakapanda na kuni na unga wa msiba, wakamkuta marehemu kibarazani anamenya ndizi. Kumbe sifuri ilikuwa ya tangi! Bi Nakijwa alicheka, akawapikia wote, na moyoni akatamani wasiondoke. Tangu hapo Namsifu akawa anaifunga kila tarakimu kwenye bahasha yake.

Basi ikaja zamu ya Bi Nakijwa kupata maji ya mfereji wa kumwagilia mashamba. Alijaza birika, akaliacha mahali pake, akatoka alfajiri kwenda kuyafungulia kabla ya chai. Akateleza, nyonga ikavunjika, akabaki mferejini maji yakimpita kiunoni. Aliita, sauti ikamezwa na maji. Akaanza kuongea na marehemu mumewe, kwani hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Aliogopa sana kufa peke yake.

Nyumbani, kifaa cha Mbonea kiliona chai haikumiminwa, kikatoa sifuri. Lakini mvua ilikuwa imezima mnara wa simu, ujumbe ukakwama.

Mnara uliporudi, jumbe zilimiminika ovyo, za tangi na za birika, za jana na za leo. Bahasha ya Namsifu ikasema wazi: sifuri hii ni ya birika, ya kwa mama, ya asubuhi ya leo.

Programu ya Kiangi ikaifungua, ikajua hii si desturi ya mama, ikampigia jirani, Sefue. Sefue akakata. Ikapiga tena, na tena, mpaka akapokea, akatoka kwa hasira kwenda kumtafuta Bi Nakijwa, akamkuta mferejini. Wanaume wakambeba kwa kitanda hadi hospitali. Hao na Sefue baadaye walishukuriwa kwa dengelua, pombe ya miwa, wakaridhika.

Watoto walifika hospitali wote watatu. Daktari alikuwa ameshasema mama asiishi tena peke yake.

"Nitahamia kwa aliyeniokoa," Bi Nakijwa akasema.

"Ni mimi, Mama," akasema Mbonea. "Bila kifaa changu kungetumwa nini?"

"Sifuri tupu mlishaipata, Kaka," akasema Namsifu, "mama akapelekewa unga wa msiba."

"Na bahasha isiyofunguliwa inamsaidia nani?" akauliza Kiangi. "Mama, twende kwangu."

Bi Nakijwa aliwatazama. Miaka ilikuwa imepita tangu awaone pamoja.

"Kila siku mlipata habari kuwa nimemimina vikombe viwili," akasema. "Mlidhani cha pili ni cha nani?"

Mbonea alidhani ni cha Sefue. Namsifu alidhani ni cha mgeni. Kiangi akasema polepole, "Nilifurahi, Mama. Nilijua una mtu wa kunywa naye chai."

"Kilikuwa cha baba yenu. Kikishapoa, nakimwaga kwenye migomba."

Namsifu alianza kulia, kisha wote watatu wakamshika mama mikono, kila mmoja akimwomba aende naye.

Haya, mlioketi hapa. Angekosekana mmoja tu kati yao, Bi Nakijwa angekufia mferejini. Na wote watatu hawakuwahi kumuuliza habari za kikombe kile. Gari liko nje, dereva anasubiri kuambiwa aelekee Arusha, Dodoma au Mwanza. Je, wewe ungempeleka mama kwa nani?