Kijungu cha Bi Khole

"Sufuria la harusi likilala, kijungu huonja moto!"

"Usinitukane, Badi. Kijungu ni nani?"

"Ni wewe. Mwenye saluni amevunjika mguu, ndiyo maana umepewa funguo. Akipona utarudi kufagia nywele."

"Mama, unamsikia huyu?"

Nilimsikia. Mtaa mzima ulimsikia. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, na wanangu hawa wawili walikuwa wakibishana juu ya kichwa changu tangu nivunje nazi ya kwanza.

"Nyamazeni," niliwaambia. "Badi, umetumia methali usiyoijua. Na wewe Zaituni umekasirishwa na methali usiyoijua. Sijui nani mjinga zaidi."

"Si maana yake mkubwa akiondoka, mdogo hujifanya mkubwa?" akauliza Badi.

"Sivyo."

"Basi imetoka wapi?"

"Imetoka nyumba hii ya jirani. Aliyeisema namjua, na siku aliyoisema nilikuwa nimesimama mlangoni kwake. Zaituni, shika nazi hii ukune. Badi, kaa chini na ufunge mdomo."

Methali hii haikuachwa na mababu. Ilizaliwa papa hapa Malindi, na mwanzo wake ni mwaka wa korona, katika ua wa Bi Mwanasiti, mpishi wa harusi.

Mwanasiti mnamjua. Alinipikia harusi yangu, na kama mngekuwa na akili ya kuoa na kuolewa angewapikia na zenu. Masufuria yake ni makubwa, mtoto anaweza kuogelea ndani. Akipika pilau la watu mia tano, halikosi chumvi wala halizidi. Chumvi anaipima kwa viganja. Wali ukikaribia kuiva anaupalia, yaani anamwaga makaa ya moto juu ya mfuniko ili ukauke vizuri, kisha anakwenda zake kukaa na wanawake wenzake kupiga soga. Na haonji. Wapishi wa harusi hapa kwetu hawaonji. Mpishi akionekana ameweka kijiko mdomoni, watu huanza kunong'onezana kwamba hajiamini. Yeye husikiliza sufuria linavyotokota, hunusa mvuke, basi.

Mwaka ule harusi zilipigwa marufuku. Watu walioana kwa kadhi wakiwa na mashahidi wawili na barakoa, wakarudi nyumbani kunywa chai. Masufuria ya Mwanasiti yakafunikwa kifudifudi uani, na kuku wakapata pa kutagia. Mumewe, Sefu, alikuwa dereva wa magari ya watalii. Watalii hawakuja. Kwa hiyo watu wawili ambao kwa miaka walikuwa wakionana kwa kupishana mlangoni, sasa walikuwa wanatazamana kutwa.

Na chumbani alikuwamo mama yake Sefu, Bi Khole.

Bi Khole aliugua korona, akalazwa, akarudi. Tulishukuru, kwa sababu wengine wa mtaa huu hawakurudi, na mnawajua. Lakini alirudi bila ladha. Ukimpa halua, ukimpa mchanga, kwake ni kimoja. Akaacha kula. Hakugoma, hapana. Alikuwa anatia tonge moja mdomoni, anatafuna kidogo, anaweka mkono chini. Wiki baada ya wiki akawa anapungua mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi akinawa. Daktari alisema mapafu yamepona, dawa iliyobaki ni chakula. Asipokula, hatafika mbali.

Sasa mpishi mkubwa kuliko wote Malindi anaishi nyumba moja na mgonjwa anayehitaji chakula. Mtu angesema kazi imekwisha. Lakini mimi nyumba yangu iko ukuta kwa ukuta na yao, na kila adhuhuri nilikuwa nasikia ugomvi.

"Mwanasiti, huyu ni bibi mmoja!" Sefu alikuwa akisema. "Si msafara wa bwana harusi!"

"Nimepunguza!"

"Umepunguza nini? Chumvi hii inatosha kukaushia papa."

"Basi pika wewe, bwana dereva. Si huna kazi?"

"Na wewe unayo?"



Mwanasiti hakuwa mvivu, jamani. Alikuwa hajui. Mkono uliozoea magunia haujui kibaba. Akitia chumvi, kiganja kinajaa chenyewe. Akitia bizari, paka wa jirani wanapiga chafya. Siku moja aliamua kupika wali kidogo kabisa kwenye kisufuria cha chai. Akaupalia makaa juu kama kawaida yake, akaja hapa kwangu kukaa kwenye kizingiti. Nilimwambia, "Mwanasiti, kuna kitu kinaungua." Akanijibu, "Bado, sijasikia mlio wake." Alikuwa anangoja mlio wa sufuria la mia tano! Alipokimbia kurudi, wali ulikuwa umekuwa mkaa na kisufuria kimetoboka.

Siku ile hakugombana na mtu. Alikaa uani juu ya sufuria kubwa lililofunikwa, akalia. Niliona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimemfuata na ndoo ya maji.

Bi Khole naye aliona. Alitoka chumbani akijishikiza ukutani, akaketi kwenye mkeka.

"Mkamwana," akasema, "uvunguni mwa kitanda changu kuna kijungu cha udongo. Kilete."

Mwanasiti akafuta uso. "Kile ninachowekea vibanio vya nguo?"

"Vibanio vimwage. Niliolewa nacho kile."

Kikaletwa, kikaoshwa. Bi Khole akaagiza mseto wa pojo. Ni chakula cha watoto na wagonjwa, mchele na pojo, yaani choroko, vilivyopikwa pamoja mpaka vikalainika, kisha vikatiwa tui. Mwanasiti akachota pojo kwa mikono miwili.

"Rudisha," akasema Bi Khole.

Akarudisha nusu.

"Rudisha tena. Unampikia nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi nitazame mimi, usitazame gunia."

Moto ukawashwa kwa vijiti. Kijungu kikatokota, na Mwanasiti, kama ilivyo desturi yake, akasimama aende zake.

"Unakwenda wapi?"

"Nakiacha kiive."

"Kijungu hakiachwi. Kaa."

Akakaa. Nami nikakaa, kwa sababu ndoo ilikuwa nzito na maneno yalikuwa matamu. Bi Khole akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Mwanasiti, nimekula harusi ya kila mtu katika mji huu. Ulikuwa ukirudi na sinia, tunakula, tunashiba. Sikatai. Lakini tangu mwanangu akuoe, sijawahi kula chakula kilichopikwa kwa ajili yangu."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa kwenye harusi."

Mwanasiti aliinama, akawa anakoroga tu. Akatia chumvi, yeye akiiona kidogo.

"Onja," akasema Bi Khole.

"Mama, mimi sionji. Unajua."

"Wewe huonji kwa fahari. Mimi sionji kwa maradhi. Wawili sisi tukikaa bila ulimi, chumvi ya kijungu hiki ataijua nani? Ulimi wangu umekufa, mwanangu. Wako lazima ufanye kazi mbili."

Mwanasiti akanitazama mimi, shahidi wa aibu yake. Nikatazama kuku. Akachota kwa kijiko, akapuliza, akaonja. Uso wake ulijikunja kama aliyetafuna ndimu.

"Imezidi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, "Mama, siku zote hizi nilikuwa nakupa kitu kama hiki?"

"Mimi sijui. Muulize Sefu."

Tukacheka sote watatu, na ndani ya nyumba tukamsikia Sefu naye akicheka, kumbe alikuwa amejibanza nyuma ya pazia.

Akamwaga, akaanza upya. Safari hii alichota chumvi kwa ncha za vidole, akaonja, akaongeza maji, akaonja tena, akapunguza moto kwa kuvuta kijiti kimoja. Na muda wote huo, kwa kuwa hakuweza kuondoka, walizungumza. Bi Khole alimsimulia alivyoolewa. Mwanasiti akamwambia kwamba anaogopa: harusi zisiporudi, yeye ni nani? Maneno hayo hakuwa amemwambia hata mumewe.

Mseto ulipoiva, Bi Khole alitia tonge mdomoni. Sote tuliacha kupumua.

"Ladha sisikii," akasema.

Mabega ya Mwanasiti yakashuka.

"Lakini nasikia ni laini. Na moto wake nausikia. Tia pilipili kidogo." Ikatiwa. Akala tena, akagusa chini ya sikio. "Hapo! Imenigonga hapa. Kamua na ndimu."

Alikula tonge kwa tonge, polepole, bila kuweka mkono chini. Kisha akainamisha kijungu kutazama ndani. "Ule ukoko niachieni mimi."

"Mama, utauweza?"

"Nina meno manne, lakini yanasikilizana. Ukoko hauhitaji ulimi. Nitausikia kwa masikio."

Akautafuna, kru, kru, mpaka ukaisha. Mwanasiti alilia tena, ila machozi haya hayakuhitaji ndoo yangu.

Tangu siku ile alipika hivyo kila siku, na bangili zikaanza kukaa mahali pake. Habari hazifichiki mtaani. Jirani mmoja mumewe alikuwa ametoka hospitali, naye chakula kilikuwa hakipandi, akaja kuomba. Akaja mwingine ambaye binti yake alikuwa amejifungua na mama mkwe hakuweza kusafiri kuja kumhudumia. Mwanasiti alitaka kuwapikia wote katika sufuria moja, apumzike. Bi Khole akakataa: kila mgonjwa ana ulimi wake. Kwa hiyo vikatafutwa vijungu vingine, na Sefu, aliyezoea kupeleka Wazungu kutazama tembo, akawa anapeleka hotipoti kwa baiskeli na barakoa usoni. Aliniambia hakuna mtalii aliyewahi kumshukuru kama wagonjwa na wazazi wale, wanawake waliotoka kujifungua. Nyumba ikapata riziki, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikia watu wakicheka adhuhuri upande wa pili wa ukuta.

Msinielewe vibaya. Mwaka ule sitausifu. Ulichukua watu wetu, na anayesema ulikuwa mwaka mzuri hakuzika. Ninachosema ni kwamba hata katika mwaka ule kulikuwa na kitu cha kuokota, na Mwanasiti alikiokota.

Kisha ruhusa ya harusi ikarudi. Wa kwanza kubisha alikuwa Bi Ruwaida, yule mwenye nyumba za kupangisha, ana binti wa kuoza. Nilikuwa nimekwenda kuazima kinu, ndiyo maana nasema nilikuwepo.

"Mwanasiti, amka!" Bi Ruwaida alisema kabla hata ya salamu kuisha. "Nataka pilau la kutikisa mji. Kuanzia Jumatatu uje kwangu, tupange, upike, ulale huko huko mpaka harusi iishe, kama zamani."

"Nimefurahi, dada. Hongera. Lakini Jumatatu kuna mzazi nampikia, na kuna mzee mmoja nyuma ya soko."

"Si uwaache? Hayo ya vijungu yalikuwa ya shida. Shida imekwisha. Au unataka nimwite mpishi kutoka Mombasa?"

Hapo palikuwa pazito. Harusi ile ndiyo ingemrudishia jina lake, na mpishi wa Mombasa angekuja siku ya pili yake. Sefu alisimama mlangoni. Bi Khole alikuwa mkekani akichambua pojo, naye hakuinua macho. Alimwachia aamue mwenyewe.

Mwanasiti alisema, "Harusi nitapika, dada Ruwaida, na utaisifu. Lakini nitaipika hapa uani kwangu, na Sefu atakuletea kwa gari. Kulala kwako siwezi. Ukikubali, bismillahi. Usipokubali, wa Mombasa nakutakia naye heri."

Wala hakungoja jibu. Aliinuka, akafukuza kuku, akalifunua sufuria kubwa na kulivingirisha mpaka kwenye mafiga yake. Halafu akaokota mawe matatu madogo, akayapanga papo hapo kando ya yale makubwa, akawasha moto, akateleka kijungu.

Bi Ruwaida alishika kiuno. "Makubwa haya! Mpishi mzima anahangaika na kijungu wakati sufuria limeamka?"

Bi Khole ndiye aliyemjibu, huku mikono yake ikiendelea kuchambua.

"Mwanangu, sufuria hili lilipokuwa likifanya kazi, kijungu hiki kilikaa uvunguni na vibanio vya nguo. Hakuna aliyejua kinaweza nini, hata mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Lilipolala ndipo kikapata zamu, kikapika, kikanirudisha duniani. Sasa unataka tukirudishe uvunguni kwa kosa gani? Sufuria la harusi likilala, kijungu huonja moto."